Kurasa Zisizo na Picha

Shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuililia. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa randa na msumeno, watoto wamesoma kwa randa na msumeno, na karakana yangu pale Majengo, Moshi mjini, haina mbia wala baba wa ubatizo. Mtu akitaka kuniheshimu aanzie hapo. Nayasema haya mapema kwa sababu habari yenyewe ni ya kitabu, na sitaki msomaji adhani mzee huyu amezeeka akaanza kujipendekeza kwa wasomi.

Mjini kwetu kuna chuo wanakofundisha kazi inayoitwa tiba kwa vitendo. Wengi hawaijui. Watu hawa hawachomi sindano wala hawapasui mtu. Ukipooza, au ukipata ajali, au ukizaa mtoto ambaye shingo haikazi, wao wanakufundisha upya mambo yako ya kila siku: kuvaa shati, kula kwa kijiko, kufua, kurudi kwenye kazi yako. Kazi hiyo inataka vifaa, na vile vya dukani vimetoka Ulaya na bei zake zimetoka hukohuko. Ndiyo maana kila mwaka wanafunzi wapya wanaulizia njia ya kuja kwa mzee wa Majengo.

Zamani walikuwa wananiletea karatasi za fotokopi, kwa sababu vitabu vyao vya rejea haviruhusiwi kutoka maktaba. Karatasi nyeusi kama chungu cha maharage. Nilikuwa nakisia mguu wa kiti uko wapi na kivuli chake kiko wapi, na mara moja nilichonga kivuli. Siku hizi vitabu viko kwenye simu. Binti mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Kahe kule chini kwenye mifereji, alikuja na simu akaanza kuninyooshea kidole kwenye kioo: babu, ona hapa, babu, ngoja nivute. Nikamwambia mimi siwezi kupima kitu kinachovutwa. Kesho yake akaenda steshenari, akakichapisha kitabu kizima, akakifunga kwa ile waya ya plastiki, akakiweka juu ya benchi langu katikati ya takataka za randa.

"Shikamoo babu. Hiki ni chako. Usikiwekee gundi."

Kiingereza sijui. Lakini picha hazina Kiingereza. Nilikaa na kitabu kile kama wengine wanavyokaa na redio. Viko humo viti vya kila namna, vijiko vyenye mpini mnene kwa mtu asiyekunja vidole, ubao wa kumhamishia mgonjwa kutoka kitandani, fimbo ya kuvalia soksi. Kurasa za mwanzo zilikuwa maneno matupu, nikaziruka. Sikujali. Mwaka ule nilitengeneza vitu ambavyo walimu wa chuo walikuja kuvipiga picha, na mimi sikuwazuia.

Sasa nije kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na hajaacha kunikumbusha. Anaishi Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, alikoolewa, na shemeji yangu alishatangulia. Masika iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Alilazwa, akapata nafuu. Mdomo ulirudi wote, kwa hilo tunamshukuru Mungu na wakati mwingine tunashangaa haraka yake. Mguu ulirudi kiasi cha fimbo. Mkono wa kulia ukabaki umelala. Unaweza kuulaza juu ya kitu ukatulia, basi.

Wanawake wa nyumba ile wakamwambia, bibi, pumzika. Wakamweka barazani kwenye kiti cha plastiki. Walifanya kwa upendo, nasema kweli, lakini upendo mwingine unamkalisha mtu kama mgeni anayesubiri soda.

Na mke wa mjukuu wake alikuwa mjamzito. Asiyejua desturi zetu nimweleze. Kwetu mwanamke akijifungua hashiki jembe wala ndoo. Anakaa ndani, analishwa, miezi inapita, akitoka anang'aa na mashavu yamejaa. Anaanzia mtori, ndizi zilizopondwa na nyama mpaka zikawa uji mzito. Katika kihamba kile sufuria ya kwanza ya mtori, kwa kila mama mzazi, ameipika dada yangu tangu mama mkwe wake alipomwachia kazi hiyo. Sasa nilipopanda kumsalimia nikakuta wameshapanga nani atapika safari hii. Dada hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, akiangalia migomba:

"Basi mtoto atakuja anikute mimi ni kiti."

Nilishuka mjini nimenuna njia nzima. Nikafungua kitabu changu. Nikatafuta mpaka nikapata: mwanamke amesimama kwenye jiko, kiti kirefu chenye egemeo nyuma yake, meza ya juu yenye ukingo ili vitu visidondoke, na pembeni ubao mdogo wenye misumari miwili uliochomekwa kiazi, ili mtu wa mkono mmoja akimenye. Nikasema, hii hapa. Sikumwambia yule binti wa chuo. Nimwambie nini? Fundi ni mimi, dada ni wangu.

Niliitengeneza ile meza kwa mbao za mringaringa, msasa mpaka inateleza, miguu minne yenye raba, na kiti chake kirefu. Nikaongeza ubao wenye misumari. Nikapakia kwenye kirikuu, nikapanda nayo Marangu nimekaa mbele na dereva kama bwana harusi. Majirani walitoka. Tukaishusha uani.

Dada aliizunguka kwa fimbo yake, taratibu, upande huu na upande ule. Akaigonga.

"Nzuri," akasema. "Unanifungulia duka?"

"Ni ya kupikia, dada."

"Nitasimama hapa kama karani wa posta, nimenye ndizi? Soda zitakuja lini?"

Watu walicheka, na mimi nilitaka kurudi ndani ya kirikuu. Nikamwambia basi jaribu huu ubao. Akatumwa mtoto akaleta ndizi mshare, ile mbichi ya mtori. Dada akaichomeka kwenye misumari, akaimenya kwa mkono wa kushoto, vibaya lakini akaimenya. Akaichomoa akaishika juu tuione. Pale msumari ulipopita palikuwa peusi kama wino, na weusi unaendelea kutambaa. Mtu yeyote wa mlimani anajua utomvu wa ndizi na chuma havielewani. Nimezaliwa ndani ya migomba, nimekula mtori kabla ya meno, na nilipiga misumari kwa sababu kwenye picha kulikuwa na misumari. Yule wa kwenye picha alikuwa anamenya kiazi.

"Mama mzazi wa nyumba hii," dada akasema, "hajawahi kupewa mtori wa rangi ya masizi." Akarudi kwenye kiti cha plastiki, akakaa.

Meza ilibaki uani. Kuku wakapanda.

Jumatatu yule binti wa Kahe alikuja karakana kuchukua kiti cha mtoto, akanikuta sisemi. Watu wa kazi ile hawakubali mtu asiyesema, wana namna yao ya kukaa karibu mpaka unafunguka. Nikamweleza yote. Nilitegemea asifu ile meza. Akauliza:

"Babu, bibi ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Mkono haufanyi kazi, naona kwa macho."

"Kurasa za mwanzo hukuziona?"

"Kurasa za mwanzo hazina picha."

Akacheka mpaka akashika benchi. Kisha akakichukua kitabu changu, akapuliza unga wa mbao, akanisomea zile kurasa nilizoruka, akigeuza Kiswahili palepale. Zote zilikuwa za kuuliza. Mtu huyu anataka kufanya nini, na kwa nini hicho. Anakifanyia wapi. Na nani. Anakaa au anasimama. Sehemu gani ya kazi ni yake, na ipi hata mwingine akiifanya hatajali. Kurasa na kurasa, kuuliza tu. Kifaa kinakuja mwisho, baada ya maneno hayo yote kuisha, na picha ndizo zinaanzia hapo.

Nilikasirika. Nilimwambia, sasa kitu kikubwa namna hii kwa nini hawakukichora? Akasema hilo hata yeye hajui.

Jumamosi nilipanda naye Marangu. Nikamwonya njiani kwamba dada yangu hana simile. Akasema bibi wa aina hiyo ndio anaowataka, wale wanaojibu ndiyo, ndiyo, ndio wanaomshinda. Alipofika hakugusa mkono wa mgonjwa wala hakuutazama. Alisalimia, akapokea marahaba yake, akatafuta kigoda akakaa chini kabisa, chini kuliko kiti cha dada, akaanza kuuliza habari za mtori kama mtu mwenye njaa. Ndizi gani. Ngapi kwa sufuria. Unakaa wapi unapomenya.

Dada alimtazama, akanitazama mimi, akasema kwa Kichagga kwamba mtoto huyu ana adabu, amemtoa wapi. Kisha akaanza kujibu. Kwamba anamenya amekaa kigodani, miguu ameinyoosha, ndizi ziko kwenye kikapu kulia na sufuria ya maji iko kushoto, maganda yanaanguka mbele yake ng'ombe aletewe. Kwamba mtu hamenyi amesimama isipokuwa ana haraka, na mwenye haraka asimpikie mzazi.

Binti akauliza: "Bibi, kazi yote ile, kuna moto, kuna nyama, kuna kuponda. Ipi wakikunyang'anya inakuuma?"

Dada aliiegemeza fimbo yake ukutani.

"Moto akoke yeyote," akasema. "Nyama akate yeyote. Kuponda ni nguvu, waponde wao, ndio wana mabega. Kumenya ni kwangu. Nikimenya ndipo ninapowataja."

Hapo ndipo na mimi, mdogo wake, niliposikia jambo ambalo sikulijua. Kwamba akimenya zile ndizi za sufuria ya kwanza anawataja kimyakimya wote waliozaliwa kwenye kihamba kile wakapokelewa na mtori, ndizi moja mtu mmoja, kuanzia mume wake. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo. Siyo ibada, alisema haraka, maana yeye ni Mlutheri wa kiti cha mbele. Ni kuwajulisha tu kwamba kuna mwenzao anakuja. Ile sufuria ikijaa, ukoo umetimia.

Binti hakuandika kitu. Alisema tu, "Basi tunatafuta namna ya kumenya, bibi. Mengine tumewaachia wenye mabega."

Nikawaacha wanaongea, nikaenda nyuma ya nyumba kutazama mbao. Pale kuna mibuni ya zamani, ile aliyopanda shemeji, mingine imekauka. Mti wa kahawa ukizeeka ni mgumu, unavunja meno ya msumeno, na hauna rangi ya kuchafua. Nikakata tawi, nikakaa nalo kwenye ngazi, nikachonga vijiti vitatu vyenye ncha. Misumari ya mbao. Nikang'oa ile ya chuma, nikavipiga vile vijiti kwenye ubao. Ndizi ikachomekwa, ikakaa, ikatoka nyeupe. Hakuna kitabu kilichonionyesha hilo na sitanyamaza kulisema.

Lakini binti naye akaniharibia furaha. Akasema ubao ukifanya kazi yote, mkono wa kulia utasahau kabisa kwamba ni mkono. Utafutiwe kazi. Nichonge shimo la kina kifupi, kama kitanda, pale pembeni ya ndizi, ili mkono ule ulale pale na kukandamiza kwa uzito wake. Nikamwambia unaharibu umbo. Dada akasema, "Umbo la duka la soda?" Nikachonga.

Tukagombana pia juu ya kigoda. Binti alitaka kiinuliwe, kwa sababu kushuka chini vile na mguu ule ni kuanguka. Dada hakutaka kusikia habari ya kiti kirefu. Wakakubaliana kiongezwe urefu wa kiganja kimoja tu, cha dada, kikapimwa kwa mkono wake wa kushoto, na nguzo ya kushika ichimbiwe pembeni mwa mlango wa jiko. Chini ya ubao nikabandika raba ya mpira wa ndani wa tairi usiteleze. Halafu akajizoeza. Wiki zile ng'ombe wa nyumba ile alinenepa kwa maganda yenye nyama nene, maana mwanzoni dada alikuwa anamenya mpaka nusu ya ndizi. Kila mtu mle ndani alichoka kula ndizi. Kijana mwenye mke mjamzito aliniambia, babu, hata chai sasa ina ndizi.

Mtoto tulimtegemea Krismasi, hakuingoja. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa kazini: amezaliwa, wa kike, wote wazima, wanarudi nyumbani mchana, na dada anasema niwahi kama nataka kuona kazi yangu, nisipotaka nibaki na mbao zangu. Nikafunga karakana. Nikampigia binti wa chuo. Alikuwa na somo, akasema ataomba ruhusa kwa mwalimu wake, na sijui aliombaje, ila nilimkuta stendi ameshafika.

Tulimkuta dada yuko jikoni, kigodani, ameshafunga kitenge kiunoni. Wanawake wote wako pale, na wametulia, hakuna anayemwambia pumzika. Yule aliyekuwa amepangwa kupika ndiye anayekoka moto. Dada akachomeka ndizi ya kwanza. Akaunyanyua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaulaza kwenye kitanda chake, kisu kikashuka. Midomo ikaanza kutembea.

Safari hii hakutaja kimyakimya. Sijui kama ni kwa kusahau au kwa makusudi. Alianza na jina la mume wake, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita watu wa nyumbani kula. Ndizi ikaingia kwenye maji, nyeupe. Akaja shemeji wa pili, ndugu wa mume wake. Ndizi. Wakaja watoto wake, na yule mmoja aliyekufa akiwa mdogo ambaye sikuwa nimemsikia akitajwa tangu azikwe, ndizi yake ikamenywa polepole kuliko zote. Wajukuu walipofikiwa wakaanza kuitika mlangoni, nipo bibi, na mmoja mkubwa mwenye ndevu aliyetoka kazini mjini aliitika kwa sauti nene watu wakacheka. Baba wa mtoto alipotajwa hakuitika, alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati na kusema ni moshi.

Ndizi za majina ziliisha, sufuria ikabaki na nafasi. Dada akachukua moja zaidi.

"Na fundi wa duka la soda," akasema. "Hakuzaliwa hapa, lakini ubao umezaliwa hapa."

Nikageukia mlangoni. Mimi pia kulikuwa na moshi upande wangu.

Waliponda wao wenye mabega. Mtori ulipoiva, mweupe, ukatiwa kwenye bakuli. Binti wa Kahe, kwa wema, akasema bibi ampe mzazi kwa mkono wa kushoto kwa sababu ndio wenye nguvu, na jiko zima likamgeukia. Kwetu chakula hakitolewi kwa kushoto, na kwa mama mzazi ndiyo kabisa. Dada hakumkaripia. Alimwambia, wewe si ndiye uliyesema huu wa kulia upewe kazi? Akauweka mkono wa kulia chini ya bakuli, wa kushoto ukaubeba kwa chini, kama mtu mzima anayemfundisha mtoto kubeba. Mjukuu mmoja akamshikia fimbo, akatembea karibu naye bila kumgusa. Akaingia chumbani, bakuli likamfikia mzazi kwa mikono miwili.

"Aika mae," yule mama akasema. Asante mama. Akala, na hakubakiza.

Meza yangu haikupotea. Wameikokota hadi ndani, wanamwogeshea mtoto juu yake, na ule ukingo wa kuzuia vitu visidondoke umepata kitu cha kuzuia. Kila nikienda nawaonyesha wageni ile ni kazi ya nani.

Chuoni sasa wameanza jalada lao la rejea, la vifaa vya huku kwetu, na liko maktaba wanafunzi waje waone. Ubao wa ndizi umo, na vipimo, na maelezo kwamba vijiti viwe vya mbuni wala si chuma. Binti aliniletea rasimu niione. Nilifunua ukurasa wa kwanza nikakuta maneno matupu. Nikamrudishia, nikamwambia sitaki kusikia kwamba kuna mzee mwingine ameruka. Akauliza kwani kuuliza kunapigwaje picha. Nikamwambia panda Marangu.

Picha hiyo ndiyo ya kwanza sasa. Binti amekaa chini kigodani, kichwa amekiinua, mikono yake haina kitu. Dada yangu yuko juu yake kwenye kiti cha plastiki, kidole cha kushoto hewani, mdomo wazi kabisa. Ukitazama vizuri utamwona kuku.